Jinsi nilivyozuia boti kuyumba kwenye loki za Caledonian Canal
Kama unapanda zile loki 8 (vyumba vya maji vyenye milango, vya kupandishia na kushushia boti) za Neptune's Staircase kule Uskoti na kila maji yakifunguliwa omo (sehemu ya mbele ya boti) inatupwa katikati, soma hapa. Niliongeza fenda (maboya ya kukinga ubavu wa boti), nikawasha injini, wapi! Kilichosaidia ni kamba ya omo, niliipeleka mbele zaidi ya boti maana maji yanatokea huko na kuisukuma nyuma, nikaizungusha mara moja kwenye chuma cha kufungia kamba, ikipita chini ya pembe yake, halafu ndo unavuta ulegevu kadiri boti inavyopanda. Mzunguko huo mmoja ndo unabeba uzito, mkono unashika ncha tu. Usipige fundo kabisa. Loki za Gairlochy zilizofuata zikawa rahisi, sasa nimetia nanga kwenye ziwa la Loch Lochy, maji baridi safi. Kamba ya tezi (sehemu ya nyuma ya boti) nayo hivyohivyo, ila ielekee nyuma.