Lita si nguvu

Leo trekta mbili ndogo zimejaribiwa pamoja, kila moja ina ndoo mbele na mkono wa kuchimbia nyuma.

Moja inapandisha ndoo chapuchapu. Nyingine taratibu, lakini ndiyo iliyong'oa kisiki.

Wengi husoma lita kwa dakika tu, yaani mafuta ya haidroliki yanayosukumwa na pampu kuendesha ndoo na mkono. Lita ni kasi! Nguvu hutoka kwenye presha na upana wa silinda. Lita 30 kwa dakika kwa presha ya bar 170 ni kilowati 8.5, basi.

Tena lita za kwenye karatasi mara nyingi zimejumlisha zinazokwenda kwenye usukani. Toa hizo kwanza.

Pampu ikianza kulia, kagua kiwango cha mafuta ya haidroliki na filta ya upande wa kunyonya kabla hujagusa vali ya presha.

Yako inapeleka lita ngapi kwenye ndoo?