Kijiko, Kamba na Upepo Uvumao Upendako

Wapendwa katika Bwana, somo letu la juma hili ni Yohana 3:1-8, mazungumzo ya usiku kati ya Yesu na Nikodemo. Naomba mniruhusu nilikaribie somo hilo kupitia filamu ya Kifaransa ya mwaka 1956, ambayo jina lake la pili limetoka katika aya ya nane: upepo huvuma upendako. Jina la kwanza, *Un condamné à mort s'est échappé*, maana yake ni kwamba mtu aliyehukumiwa kifo ametoroka; kwa hiyo mtazamaji hupewa mwisho kabla ya kuona mwanzo, na kinachobaki ni kutazama njia.

Mwongozaji wake, Robert Bresson, aliwahi kuwa mfungwa wa vita mikononi mwa Wajerumani. Kisa chenyewe ni cha André Devigny, mwanajeshi wa Ufaransa aliyepinga uvamizi wa Wanazi na kutoroka gereza la Montluc, mjini Lyon, mwezi Agosti 1943. Katika filamu anaitwa Fontaine, na aliyemwigiza, François Leterrier, alikuwa mwanafunzi wa falsafa, kwani Bresson hakupenda waigizaji wa kazi.

Fontaine haombi muujiza. Anakinoa kijiko cha chuma kwenye sakafu ya seli, anachonga siku baada ya siku mahali mbao za mlango zinapoungana, kisha anaokota vumbi la mti ili mlinzi asilione. Anasokota kamba kwa waya wa kitanda na vitambaa alivyovichana, na kulabu anazipata kwenye fremu ya taa. Na muziki ambao Bresson ameuchagua ni Kyrie ya Mozart, ombi la kale la Bwana utuhurumie, nao husikika wafungwa wanaposhuka uani kumwaga ndoo zao za uchafu. Mimi nimeimba maneno hayo miaka mingi nikiwa nimevaa nguo safi, na sikuwahi kufikiri kwamba hapo ndipo mahali pake hasa.

Mchungaji aliyefungwa humo ndiye anayemnakilia Fontaine maneno ya Nikodemo kwenye kipande cha karatasi, na Fontaine anamsomea jirani wa seli ya pili, mzee Blanchet, aliyekwisha kujaribu kujiua. "Awezaje mtu kuzaliwa, akiwa mzee?" Swali hilo, likipita dirishani kwenda kwa mzee aliyekata tamaa, halisikiki tena kama hoja ya mwalimu wa sheria. Mzee huyo baadaye anatoa blanketi lake lisokotwe kamba. Tena ndiye anayetambua kwamba Orsini, mfungwa aliyejaribu kutoroka akakamatwa na kuuawa, ilibidi ashindwe ili Fontaine afaulu, kwa maana kushindwa kwake ndiko kulikofundisha kwamba kulabu zinahitajika. Ni neno gumu, nami silipokei kwa urahisi.

Kila kitu kikiwa tayari, mlango wa seli unafunguliwa na kuingizwa kijana wa miaka kumi na sita, Jost, aliyewahi kuvaa sare ya Wajerumani. Je, ni jasusi? Fontaine analazimika kuchagua kati ya kumuua na kumchukua. Anamchukua. Usiku wa kutoroka anamuua mlinzi gizani, mbali na macho yetu. Sitaligeuza tendo hilo kuwa takatifu, na Bresson naye halipambi. Lakini wanapofika chini ya ukuta ambao mtu mmoja hawezi kuupanda pasipo bega la mwenzake, Fontaine anakiri moyoni kwamba peke yake huenda angebaki palepale. Kijiko alikipata, waya aliupata, kulabu alizikunja kwa mikono yake. Kijana huyu hakumtafuta wala hakumtaka, na hakujua alikotoka.

Wanashuka upande wa pili bila viatu, wanakumbatiana, na Kyrie inaanza tena. Kabla hawajapotelea gizani Jost anasema neno moja tu la kitoto, laiti mama yake angemwona, nami siwezi kulisikia bila kumkumbuka Nikodemo akiuliza kama mtu aweza kuingia tumboni mwa mamaye mara ya pili akazaliwa.