Bangili Sita Ndani ya Sanduku

Jumapili, usiku

Bangili imenikatikia mkononi leo, kavu kama kijiti, pale pale nilipokuwa nikiigonga tangu asubuhi. Ni oda ya harusi, na mama aliyeiagiza anakuja kuichukua Jumatano.

Nafua brasi hapa Kariobangi Light Industries, Nairobi, mwaka wa kumi na moja sasa. Malighafi yangu ni koki kuukuu na kufuli zilizokufa. Brasi ukiipiga nyundo hukakamaa, na kabla ya kuendelea huna budi kuirudisha motoni ilegee. Nililijua hilo. Nilikuwa na haraka tu, nikauruka moto.

Saa tatu usiku shemeji akapiga simu ya video kutoka Colorado, Marekani. Kwao ilikuwa bado mchana, naye yuko karakanani na ndoo ya maganda ya risasi. Ni mwindaji, na risasi zake huzijaza mwenyewe, jambo la kawaida kule. Hapa kwetu ukitengeneza risasi bila kibali utakuwa umevunja Sheria ya Silaha, Sura ya 114, wala mimi sina hamu ya bunduki. Macho yangu yalikuwa kwenye brasi ya maganda yale: sehemu 70 shaba nyekundu, 30 zinki, safi kuliko koki zangu zilizotiwa ledi, yale madini mazito ya risasi, ili zichongeke kwa urahisi.

"Shemeji, hili nimelitumia mara nne," akasema, akilisogeza karibu na kamera.

Bunduki ikilia, gesi hulitanua ganda hadi likabana kuta za chemba, pale risasi inapokaa. Likitoka limenenepa. Shemeji hulipaka mafuta kidogo, akalisukuma kwa presi ya mkono ndani ya kalibu ya chuma, likarudia umbo lake. Mafuta yakikosekana ganda hunasa humo. Yakizidi, hubonyeza bega lake, pale mwili unapopungua kuingia shingoni. Kisha analipima urefu kwa venia, kile kipimo cha taya mbili, maana brasi iliyobanwa mwilini hukimbilia shingoni: ganda la .308 Winchester, aina ya risasi yake, likipita milimita 51.18 lazima likatwe. Huingiza pia waya uliopinda ncha na kukwaruza ndani, juu kidogo ya kitako. Waya ukikwama kwenye mfereji mwembamba, ganda hilo linatupwa, kwa kuwa hapo ndipo litakapokatika vipande viwili.

Kunenepa, kubanwa, kunenepa tena. Ni nyundo yangu ile ile.

"Na moto je?" nikamuuliza.

Huo nao anao, ila kwa shingo na bega peke yake. Husimamisha maganda kwenye sinia la maji, vitako vikiwa vimezama, ndipo apitishe tochi ya gesi juu. Kitako kikilegea kitashindwa kuizuia gesi, na gesi hiyo itamrudia mpigaji usoni. Nami nikamwambia ninavyofanya: bangili nzima jikoni, kisha majini, kwa sababu brasi si kama chuma cha kaboni, kile cha patasi, haikakamai kwa kupozwa ghafla. Akafurahi. Tuliongea kama mafundi wa benchi moja, na sikumbuki lini tulizungumza hivyo tangu nimwoe dada yake.

Kisha akanisimulia kisa cha jeshi la Uingereza kule India, karne ya kumi na tisa. Msimu wa mvua, maganda ya risasi yaliyohifadhiwa karibu na mazizi ya farasi yalikuwa yakipasuka yenyewe. Mwaka 1921 ikaelezwa: brasi iliyobanwa bila kupitishwa motoni hubaki na mkazo ndani yake, na amonia ya mkojo wa wanyama, pamoja na unyevu, huipasua mahali penye mkazo huo.

Nikanyamaza. Stoo yangu imepakana na banda la kuku la jirani, na harufu ya amonia ya kinyesi mvua inaponyesha hukata pumzi. Mwaka jana, mvua ya Aprili, nilikuta bangili sita zimepasuka ndani ya sanduku. Nilimwambia kijana wangu wa karakana kuwa ameziangusha akanificha. Akakana. Nikamkata pesa za wiki, mbele ya wenzake, na mwezi huo huo akaacha kazi.

Anauza viatu soko la Gikomba sasa. Nimetoa ile pesa na kuiweka kwenye bahasha, na alfajiri, kabla ya kuwasha jiko, nitaenda kumtafuta.