Mabano Niliyoyadharau

Nilipoanza kujifunza C, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, nilikuwa tayari nimeizoea Python, lugha nyingine ya aina hiyo, na mazoea hayo ndiyo yaliyoniponza. Nilikuwa nikiandika programu ndogo ya kusoma hali ya kifaa kilichotuma baiti moja, yaani biti nane za 0 au 1, kila sekunde. Biti yake ya tatu, yenye thamani ya 4, ilikuwa 1 mfuniko ukiwa umefungwa, na ikiwa 0 programu ilitakiwa kutoa onyo. Baiti hiyo niliiita hali, nikaandika bila wasiwasi wowote: if (hali & 4 == 0). Alama ya kwanza huacha biti zilizo 1 pande zote mbili tu, na == huuliza kama pande mbili ni sawa. Kompaila, programu inayotafsiri msimbo kuwa lugha ya mashine, ikaupokea, nikafungua mfuniko, onyo halikutoka.

Karibu siku nzima niliutilia shaka waya. Niliubadilisha, nikaubadilisha tena, kisha nikaiagiza programu ionyeshe thamani ya hali kwenye skrini, nikaona 0. Mfuniko ulikuwa wazi na kifaa kilikuwa kikisema hivyo, lakini programu ilipita kimya kana kwamba haijasikia.

Mwenzangu aliyenitangulia katika kazi hiyo alipoutazama mstari ule hakuuliza lolote kuhusu waya. Alichukua kalamu, akauandika upya jinsi kompaila ilivyousoma: hali & (4 == 0).

“Haya, soma sasa,” akaniambia.

Katika C, opereta (alama ya kitendo) == ina kipaumbele kikubwa kuliko &, kwa hiyo 4 ilikuwa imeshikana na 0 iliyo upande wake wa kulia kabla ya kuifikia hali. Kwa kuwa 4 si sawa na 0, jibu lilikuwa 0, ambayo katika C ni “si kweli”, na namba yoyote ikikutanishwa na 0 kwa & hutoa 0. Sharti langu lisingetimia hata siku moja. Katika Python mstari huohuo ungefanya nilichokusudia, maana huko & ndiyo inayotangulia.

Baadaye nilisoma maelezo ya Dennis Ritchie, mbunifu wa C, kwamba hapo mwanzo & ilitumika pia kuunganisha masharti, na && ya kazi hiyo pekee ilipoongezwa, kipaumbele cha & kiliachwa kilivyokuwa ili programu zilizokwisha kuandikwa zisiharibike. Nilimwelewa, ingawa sikufurahi.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba sikuwa nimewasha maonyo ya kompaila, kwa kuyaona ni kelele tu. Nilipoyawasha, la kwanza lilitaja mstari uleule na kupendekeza mabano. Nikayaweka, nikafungua mfuniko, onyo likatoka. Waya wa kwanza, uliokuwa mzima muda wote, nilikuwa nimeshautupa.