Ikinyamaza, Nitajuaje?

Tangu Jumatano moyo wangu haujatulia, na sababu ni swali moja la mzee wa zamu ya usiku. Nilikuwa nimemaliza kupunguza alamu za kompyuta ya chumba cha udhibiti cha kiwanda chetu cha mvinyo, kazi ambayo nimekuwa nikiieleza hapa tangu zabibu zianze kuingia kiwandani, nikamkabidhi zamu ikiwa kimya. Aliitazama skrini kwa muda mrefu, kisha akasema, “Binti yangu, zamani hii ilikuwa ikilia usiku kucha, nami nilijua iko hai. Sasa ikinyamaza, nitajuaje kwamba mambo ni shwari, na si kwamba imekufa?” Nikamjibu, “Mzee wangu, ikipata hitilafu itakuambia.” Akasema, “Haya,” akavuta kiti akaketi. Hilo “haya” limeniuma kuliko swali lenyewe.

Harusi ya dada ilifana, lakini hata nyimbo za bibi harusi zilipokuwa zikiimbwa mimi nilikuwa namsikia mzee.

Kazi yenyewe naiamini. Alamu ya joto la tangi la mvinyo mweupe ilikuwa imewekwa nyuzi 18 tupu, kwa hiyo kila joto lilipoyumba kidogo juu na chini ya 18, ililia, ikakoma, ikalia tena. Sasa hailii mpaka joto likae juu ya kiwango hicho kwa dakika nzima, na ikishalia haijifuti mpaka lishuke chini ya 17. Taarifa za pampu kuwaka na vali kufunguka nimezihamishia kwenye kumbukumbu ya matukio, kwa sababu alamu isiyomtaka mtu afanye jambo lolote haistahili kumwinua kitini. Mwaka 1994, katika kiwanda cha kusafisha mafuta cha Milford Haven, Wales, waendeshaji wawili walimwagiwa alamu 275 katika dakika 11 za mwisho kabla ya mlipuko. Hakuna binadamu awezaye kuzisoma zote, sembuse kuamua ipi ianze kushughulikiwa.

Lakini mzee hakuuliza kuhusu kelele. Aliuliza kuhusu ukimya. Waliobuni vipimo vyetu walilifikiria jambo hilo zamani: mkondo wa umeme kutoka kwenye kipima joto huanzia miliampia 4, wala si 0, ili waya uliokatika, ambao hutoa 0, usidhaniwe kuwa ni tangi lililopoa. Tatizo liko mbele zaidi, kati ya kidhibiti, yaani kifaa kinachopokea vipimo na kuendesha mitambo, na kompyuta yenye skrini. Mawasiliano yakikatika hapo, programu isiyoelekezwa vinginevyo huenda ikaendelea kuonyesha namba ya mwisho iliyoipokea, na tangi linaweza kuchemka huku skrini ikisoma nyuzi 16 bila wasiwasi wowote. Alamu ya kukatika mawasiliano tunayo, ila nayo inaishi ndani ya kompyuta ileile ambayo mzee anaitilia shaka, na kwa haki kabisa. Ningekuwa mimi peke yangu humo saa tisa usiku, nami ningeuliza.

Ijumaa, badala ya kupumzika, nilirudi kazini. Kompyuta sasa hutuma ishara kwa kidhibiti kila sekunde, na ishara hiyo ikikosekana kwa sekunde 10, kidhibiti chenyewe hupiga king'ora cha ukutani bila kupitia kompyuta. Pembeni mwa skrini nimeweka namba inayopanda kila sekunde kutoka kwenye kidhibiti, ili ikisimama ionekane imesimama. Tena kuna kitufe cha majaribio cha kubonyeza mwanzoni mwa zamu, kinachotoa alamu ya kweli kuanzia kwenye kidhibiti, kupitia kompyuta, hadi kwenye spika.

Jumamosi jioni nikamwambia, “Shikamoo mzee, karibu ujaribu.” Akaitikia marahaba, akabonyeza, ikalia. Akabonyeza tena bila sababu yoyote, kisha akamwita kijana anayejifunza aje aone, na kumweleza kwa furaha ambayo sijawahi kuiona usoni pake: “Unapiga hodi, yenyewe inaitika. Ukishasikia imeitika, kaa, fanya kazi yako.” Niliendesha pikipiki mpaka Nkuhungu huku nikicheka peke yangu.

Kinachonisumbua sasa ni jiko la mama kule Mpwapwa. Bati zimenunuliwa, lakini fundi wa kuezeka amechukua nusu ya fedha na kila siku anasema kesho, ilhali mvua za Desemba hazimsubiri mtu.