Bega langu, sindano ya mafua na kanga iliyonitolea ushahidi

Kila niliyemweleza kwamba nataka fidia ya bega lililoumizwa na sindano ya mafua alikuwa na ushauri, na karibu wote ulikuwa wa ovyo. Shemeji yangu wa Houston aliapa kwamba ukiidai serikali ya Marekani, uraia usahau. Mwenzangu kazini akasema wakili atakula theluthi. Nikamwona wakili wa ajali za magari. Akanitoa mbio, eti bega kuuma baada ya chanjo si kesi.

Kumbe kesi hizi huanzia kwenye mpango wa Marekani wa kufidia walioumizwa na chanjo, ulioundwa kwa sheria ya 1986, si kwa kulishtaki duka la dawa. Kila dozi hukatwa kodi ya senti 75 kwa kila ugonjwa inaoukinga, ndiyo inayojaza mfuko wa mpango huo. Wakili naye analipwa hukohuko, hata ukishindwa, mradi dai lilikuwa na msingi. Kwenye fungu lako hagusi.

Mimi nalea wazee. Kuwanyanyua na kuwageuza ndiyo ugali wangu. Aliyenichoma sindano ya mafua pale duka la dawa aliipiga juu mno, na usiku uleule mkono ukagoma kupanda. Kipimo cha MRI, kinachopiga picha za ndani ya mwili, kikaonyesha kifuko cha maji cha bega kimevimba. Tangu 2017 jeraha hili limo kwenye jedwali rasmi la majeraha ya chanjo yanayofidiwa, ila maumivu yawe yameanza ndani ya saa 48, kwenye bega lilelile lililochomwa, yadumu zaidi ya miezi sita, na ufungue dai kabla ya miaka mitatu kwisha. (Chanjo ya korona ina mpango wake, muda mwaka mmoja tu. Msichanganye.)

Saa 48 hazikunisumbua: usiku ule nilimtumia dada yangu wa Tanga sauti ya WhatsApp, nalia kama mtoto, na tarehe ipo. Kasheshe ikaja kwenye bega. Rekodi ya duka iliandika nimechomwa kushoto, nami naumwa kulia! Wakili wangu, huyu wa kesi za chanjo hasa, akakunja uso. Nikampa picha niliyojipiga jioni ile kwenye sherehe ya mpwa wangu: nimejifunga kanga, mabega wazi, plasta hiyo hapo kulia. Akasema simu hugeuza picha za kujipiga, kulia huwa kushoto. Nikamwambia, kuza, soma kanga: "Wasiwasi wako ndio maradhi yako." Herufi zimekaa sawasawa, hazikugeuka hata moja. Mwanasheria mzima kimya! Picha ikaenda pamoja na kiapo changu.

Mahakama yenyewe iko Washington, sikukanyaga. Ni makaratasi na kusubiri mpaka uchoke. Mawakili wa serikali wakakubali tumalizane. Nimepata makumi ya maelfu ya dola. Kiasi kamili anakijua mama tu, na shemeji asijisumbue kuuliza.

Mafua bado nachanja kila mwaka. Ila anayechoma namwambia akae kama nilivyokaa mimi, na mkono wa blauzi nauvua wote. Wanaovuta kola chini ndio wanaochoma juu.