Siku Mzee aliposomewa karatasi yake

Jinja, Jumamosi usiku

Leo hati ya uwakilishi ya Mzee, baba yangu, imerudi kutoka Kampala ikiwa na muhuri wa URSB, ofisi ya serikali ya kusajili hati. Nimeona niandike mambo yakiwa bado mabichi kichwani, kwa sababu najua wenzangu wengi wana wazazi waliofika umri wa kushikiwa shughuli zao na mtu mwingine, na karatasi za namna hii zinatiwa sahihi kila siku mezani pa sebule, mwenyewe akiwa hajui kilichoandikwa ndani.

Baba yangu ni mwanajeshi mstaafu. Majirani bado wanamwita Afande. Kiswahili chetu ni cha kambini, ndicho tulichokua nacho nyumbani, na yeye anakisoma na kukiandika vizuri, kwa mwandiko ulionyooka kuliko wangu. Kiingereza chake ni cha gwaride na cha fomu za pensheni, basi. Ana kiwanja kimoja Bugembe chenye mizigo, ile safu ya vyumba vya kupanga ambayo wazee wengi wa hapa waliijenga kidogo kidogo kwa akiba ya kazini, na hati ya ardhi iko kwa jina lake. Tangu alipopata kiharusi chepesi, mguu wa kushoto haumtii. Kufuata kodi za wapangaji, kwenda manispaa, kupanga foleni ofisi ya ardhi, hayo yote sasa yanamshinda.

Kaka yangu mkubwa ndiye aliyesema tumtengenezee Mzee pawa ya atoni, yaani hati ya kumpa mtu mwingine uwezo wa kutenda kwa niaba yake. Wazo zuri. Akaja na karatasi tayari kutoka kibanda cha kupiga chapa: kurasa mbili za Kiingereza, jina la Mzee na namba ya kitambulisho zimeshajazwa, na chini mstari wa sahihi. Niliisoma nikiwa nimesimama. Ilimpa kaka uwezo wa kukodisha, kuuza, kuhamisha, kuweka rehani, kukopa, na kufanya jambo lolote ambalo Mzee mwenyewe angeweza kulifanya. Mzee alikuwa ameshavaa miwani, kalamu mkononi, anauliza tu, "Niweke wapi?"

Namjua kaka yangu na sina shaka na moyo wake. Alitaka kukusanya kodi na kumalizana na mafundi wa maji. Yule wa kibandani alimpa karatasi anayowapa watu wote. Lakini hofu ilinipata pale pale, kwa sababu karatasi haisomi moyo wa mtu. Kesho ikianguka mikononi mwa mwingine, au kaka akibanwa na deni, kilichoandikwa ndicho kitakachofanya kazi. Nikamwomba Mzee aweke kalamu chini tutafute wakili.

Wakili tuliyempata ni mama wa makamo. Tulipoingia ofisini, kitu cha kwanza alichofanya kilimuudhi kaka: alituomba sisi wote tutoke, abaki na Mzee peke yake. Tulikaa kwenye benchi la nje, mlango umefungwa. Baadaye nilielewa kwamba kwake hiyo ndiyo kazi yenyewe, na kuandika ni sehemu ndogo tu. Alitaka kumsikia mwenye mali akisema mwenyewe anachotaka, pasipo mtoto wa kumkazia macho. Alitaka pia kujua kama akili yake iko sawa, kwa sababu hati iliyotiwa sahihi na mtu asiyeelewa anachofanya haina nguvu. Kwa ajili ya kile kiharusi alituagiza tulete barua ya daktari inayosema Mzee anaelewa mambo yake. Mimi nisingeifikiria barua hiyo, na sasa naona inafaa kila mzee aliyewahi kuugua ugonjwa wa kichwa awe nayo, ili baadaye asitokee ndugu wa kusema aliburuzwa.

Tulipoitwa ndani, Mzee alikuwa ameshaamua. Hataki kuuza. Hataki rehani. Anataka sisi wawili, kaka na mimi, tuwe wawakilishi wake. Wakili akatuuliza jambo ambalo hakuna kati yetu aliyewahi kulifikiria: kila mmoja aweze kutenda peke yake, au mpaka wote wawili tukubaliane? Mzee alikaa kimya kidogo, kisha akagawa kama anavyopanga zamu: kodi na mafundi, yeyote aliye karibu, jambo lolote la ofisi ya ardhi au mahakamani, sahihi mbili. Pensheni akaiacha nje kabisa. Inaingia benki, na benki ina taratibu zake.

Halafu likaja suala la lugha, na hapa ndipo nilipojifunza kitu ambacho natamani kila mtu wa nchi hii akijue. Uganda ina sheria ya kuwalinda wasiojua kusoma, tangu mwaka 1918. Nilipoisikia nikadhani haimhusu Mzee, kwa kuwa yeye anasoma. Wakili akasema inamhusu sana. Kwa sheria hiyo, asiyejua kusoma ni yule asiyeweza kusoma na kuelewa maandishi au lugha iliyotumika kwenye karatasi husika. Mbele ya hati ya Kiingereza, baba yangu analindwa sawasawa na mtu ambaye hakuwahi kuingia darasani. Aliyeiandika lazima aweke jina lake kamili na anwani yake kwenye hati, na kwa kufanya hivyo anathibitisha kwamba aliagizwa na mwenye hati, kwamba ameandika alichoagizwa, na kwamba alimsomea na kumweleza. Ile karatasi ya kibandani haikuwa na jina la mwandishi popote. Kama mambo yangeharibika, nani angeulizwa?

Katiba yetu imekitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Lakini hati za ardhi, mikataba na fomu bado ni Kiingereza mwanzo mpaka mwisho. Mpaka hapo patakapobadilika, ile sheria ya 1918 ndiyo ngao ya wazee wetu, na wengi hawajui kama wanayo.

Kaka aliuliza, kwa heshima, kwa nini tunajisumbua hivi wakati ni mambo ya familia. Wakili akamsimulia kesi ya Zaabwe dhidi ya Orient Bank, ambayo Mahakama ya Juu iliiamua mwaka 2007. Mwenye nyumba alitoa hati ya uwakilishi kwa kampuni, na kampuni ikaitumia kuweka nyumba yake rehani kwa mkopo wa kampuni yenyewe. Nyumba ikauzwa. Majaji wakasema kwamba mwakilishi anatenda kwa niaba na kwa manufaa ya aliyempa uwezo, si kwa shida zake mwenyewe, na wakaamua kwa upande wa mwenye nyumba. Alishinda, ndiyo, ila baada ya kupanda ngazi zote za mahakama. Kaka alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaichukua ile karatasi yake kutoka kwenye faili, akaikunja, akaitia mfukoni.

Mama naye aliulizwa, na hilo lilinifurahisha kuliko yote. Kodi ya mizigo ndiyo inayomlisha, na Sheria ya Ardhi inasema ardhi ambayo familia inaishi au inaitegemea kwa riziki haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mume au mke. Hati ya uwakilishi haiondoi ridhaa hiyo. Hata kama ingekuwa na neno "kuuza", bado Mama angepaswa kukubali. Mama, ambaye siku zote husema mambo ya ofisi ni ya Baba yenu, aliomba arudiwe mara ya pili.

Siku ya sahihi, wakili alivuta kiti akakaa ubavuni mwa Mzee, si ng'ambo ya meza. Akasoma kifungu kwa Kiingereza, akakieleza kwa Kiswahili, akanyamaza. Kila kifungu Mzee alikirudia kwa maneno yake mwenyewe, kidole kikiwa juu ya karatasi. Kwenye kifungu cha nne alimsimamisha. "Hapa umesema 'kukodisha'. Mpaka miaka mingapi?" Haikuandikwa. Wakili akachukua kalamu, akaongeza pembeni kwamba ukodishaji usizidi mwaka mmoja mmoja, akarudi kwa karani ikapigwa chapa upya. Tulisubiri, na sikuona mtu yeyote aliyekereka.

Kisha Mzee akauliza lile nililokuwa nalikwepa. "Na nikifa?"

"Hati hii inakufa siku hiyo hiyo, Mzee."

Alimjibu wazi hivyo, akimtazama usoni. Akatugeukia sisi akasema tusije tukaitumia hata kwa kodi ya mwezi huo. Mtu akifariki, mali yake inashikwa na aliyethibitishwa na mahakama, kwa wasia au kwa barua za usimamizi wa mirathi, na pasipo wasia safari inaanzia kwa Msimamizi Mkuu wa Serikali kutafuta cheti cha kutokuwa na pingamizi. Kujiingiza katika mali ya marehemu bila idhini ni kosa la jinai. Hata kabla ya kifo, Mzee akipoteza akili uwakilishi unakatika, na mambo yake yanahitaji amri ya mahakama. Ndiyo sababu hakuna haja ya kusubiri mpaka hali iwe mbaya ndipo mtu akimbilie karatasi. Na akiwa mzima anaweza kuifuta wakati wowote kwa maandishi, akasajili kuifuta huko, na kuwajulisha wapangaji na ofisi zilizokuwa zikiitegemea.

Mzee akaitikia kwa kichwa. Akatia sahihi kila ukurasa, taratibu, herufi moja moja, na wakili akashuhudia.

Yaliyobaki yalikuwa ya kutembea tu. Ushuru wa stempu hulipwa benki kwa namba ya malipo inayotolewa na URA, mamlaka ya mapato, kisha usajili URSB, halafu nakala kwa ofisi ya ardhi hapa Jinja. Usimpe mtu wa kati fedha taslimu kwa kazi hii. Lipa benki uone risiti. Na kabla ya kumlipa wakili mwombe akuonyeshe cheti chake cha mwaka huu cha kufanya kazi ya uwakili. Anayestahili hataona vibaya.

Najua kuna wanaosema wakili ni wa wenye hela. Chama cha wanasheria wanawake, FIDA Uganda, kipo tangu 1974, na Chama cha Wanasheria cha Uganda kina mradi wake wa msaada wa kisheria ulioanza mwaka 1992. Chuo cha sheria cha LDC nacho kina kliniki ya msaada wa kisheria. Waulizeni kabla ya kwenda kibandani. Na kama mmekwama kabisa na lazima mtumie kilichoandikwa na mtu mwingine, basi angalau mzazi asomewe neno kwa neno kwa lugha anayoota nayo, na aliyeiandika aweke jina lake.

Jioni kaka amewapelekea wapangaji nakala na kuwaonyesha majina yetu mawili. Mzee anataka sasa tuanze kushughulikia wasia. Amesema ni kwa wakili yule yule, na kwamba safari hii Mama naye awe na kikao chake peke yake, mlango umefungwa, sisi wote tukiwa nje, yeye Mzee akiwemo.